Mji Ulioandikiwa Nusu

Shangazi hakupiga hodi. Alisukuma mlango wa ofisi kwa bega, akapita katikati ya meza mbili bila kumsalimu mtu, akaibandika barua juu ya kibodi ya mtoto wa kaka yake. Kompyuta ikaanza kuandika herufi moja mfululizo, mstari baada ya mstari.

"Shikamoo, shangazi."

"Soma kwanza. Marahaba nitaitikia baadaye, kama bado nitakuwa na hamu nayo."

Mtoto huyo wa kaka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mtafiti wa siasa, mwenye shahada mbili na ya tatu ikiwa njiani kwa mwaka wa sita. Wenzake chuoni walimwita Bi Mizani, na hawakumwita hivyo kwa sifa tupu. Alikuwa mtu wa kupima. Ukimkaribisha chai au kahawa, atataka kujua ipi imepikwa mapema. Wawili wakigombana, yeye yuko katikati, anamwelewa huyu, anamwelewa na yule, mpaka wote wawili wanamkasirikia. Kwa kazi ya utafiti tabia hiyo ilisemekana ni kipaji, na mwenyewe aliamini.

Barua ilikuwa na mhuri wa baraza la mji wa shangazi. Ilisema kwamba pingamizi la kamati ya wakazi, la kupinga jaa la taka kuongezewa miaka kumi, limeondolewa kwenye ajenda ya kikao cha Ijumaa. Sababu ilitolewa kwa adabu zote. Kwa mujibu wa ripoti ya chuo, ukurasa wa arobaini na moja, mji wenye kamati hai ya wakazi na diwani anayeishi mtaani husikilizwa na baraza lake. Mji wetu una vyote viwili. Hivyo wakazi wamekwisha sikilizwa.

Alisoma mara mbili. Ile sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja aliijua vizuri, maana ndiye aliyeinyoosha mpaka ikakaa sawa.

"Tumekwisha sikilizwa," shangazi alisema. "Mimi mwenyekiti wa kamati sina habari. Lile jaa liko palepale nyuma ya zahanati, akina mama wanajifungua madirisha yamefungwa kwa sababu ya nzi, halafu kuna kitabu kinasema nimesikilizwa. Nilikulaza kitandani kwangu siku kumi na moja. Nilikutembeza nyumba kwa nyumba na hilo daftari lako. Ndiyo haya uliyokwenda kuandika?"

"Shangazi, sisi hatukuandika hivyo. Yaani tuliandika, lakini mji wenu haumo kwenye—" Aliichukua ripoti rafuni, akafungua jedwali la mwisho, akaanza kuhesabu miji kwa kidole. Kumi na tano. Akahesabu tena kutoka chini. Kumi na tano. Jalada lilisema kumi na sita.

Hapo lazima kazi yenyewe ielezwe, la sivyo hasira ya watu hawa itaonekana ya bure. Chuo kilitaka kujua ni kitu gani humfanya mkubwa amsikilize mdogo. Walichagua miji kumi na sita ambako wakazi waliwahi kulipinga baraza. Miji kumi na sita ni balaa kwa msomi: ni mingi mno kuisimulia mmoja mmoja mpaka mwisho, tena ni michache mno kwa watu wa takwimu, ambao chini ya mia tano hawakohoi. Basi ikachukuliwa njia ya katikati. Unakwenda kila mji, unakaa, unasikiliza, unarudi na madaftari. Kisha kila mji unaupa alama kati ya sifuri na moja: kamati ya wakazi iko hai kiasi gani, diwani ni mtu wa mtaani kiasi gani, na mwisho wa yote, baraza lilisikiliza au halikusikiliza. Miji yenye sura moja inapangwa mstari mmoja wa jedwali, unatazama kama na mwisho wake ni mmoja. Ukiwa mmoja, mstari huo unakupa fomula; ikiwa sura ni moja na mwisho umetofautiana, mstari huo unajipinga. Hapo hupaki rangi kufunika ufa. Unarudi mjini kuuliza ni nini hukukiona.

Ni njia nzuri. Msimulizi huyu hana ugomvi nayo. Ugomvi ni na watu.

"Kuna mtu ameufuta mji wenu," Bi Mizani alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi damu ilimpanda kichwani bila kupitia kwenye mizani yoyote. "Na ninamjua."

Profesa, kiongozi wa utafiti huo, alikuwa ofisini kwake, ghorofa ya juu, anachovya biskuti kwenye kikombe. Alikuwa na chumba chenye zulia, dirisha la kutazama uwanja wa magari, na tabia ya kumwacha mgeni amalize hasira zake kabla ya kumkaribisha kiti. Bi Mizani alizimaliza akiwa amesimama. Alisema wizi, alisema aibu, alisema miezi kumi na minne ya kulala kwenye nyumba za watu. Alisema mji umefutwa ili fomula ipendeze.

Profesa alijifuta vidole, akageuza kompyuta yake imwelekee. Alifungua kumbukumbu ya siku ile mashine ilipokokotoa alama za miji, akaweka kidole kwenye mstari mmoja mdogo wa maandishi mekundu. Ulisema: kesi moja, yaani mji mmoja, imeachwa, namba kumi na tatu, alama ya tokeo sifuri nukta tano.

"Nani aliyeandika nukta tano?" aliuliza.

Bi Mizani aliutazama ule mstari. Kila aliyewahi kuifanya kazi hii anajua kwamba nusu haiandikwi. Nukta nne, sawa, mji umeelekea kutosikilizwa. Nukta sita, sawa, umeelekea kusikilizwa. Nusu haina upande, na mashine ikikutana na mji usio na upande haijui iuweke mstari gani, basi inautupa nje na kuendelea na kazi zake. Mwongozo wa wasaidizi ulilisema jambo hilo kwa herufi nene, na mwandishi wa mwongozo alikuwa Bi Mizani.

"Niliiweka kwa muda tu," alisema. "Nilitaka kurudi."

"Hukurudi."

"Sikurudi." Halafu akili ikamrudia. "Na wewe onyo hili uliliona lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Ripoti ilichapwa mwezi wa sita!"

"Najua ilichapwa lini, niliiandikia dibaji." Profesa hakupandisha sauti, watu wa namna hii hawapandishi, wanakuachia wewe uonekane mwendawazimu. "Hebu fikiri. Ukiurudisha mji wako, mstari wa saba unajipinga. Miji minne ilisikilizwa, mmoja haukusikilizwa, na yote ina kamati, yote ina diwani wa mtaani. Fomula imekufa. Yule mtakwimu wa ghorofa ya pili atatucheka mpaka astaafu. Na wale wa kusimulia watasema, si tuliwaambia watu hawatiwi namba?"

"Mstari ukijipinga tunarudi mjini. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Tutarudi. Toleo la pili."

"Kikao ni Ijumaa! Leo Jumanne!"

"Baraza kusoma vibaya si kosa letu. Sisi tulisema miji kumi na mitano."

"Jalada linasema kumi na sita."

Profesa alitazama jalada, kwa kweli alilitazama, akaligeuza uso chini. "Nenda ukapumzike," alisema. "Na ukienda kwenye hicho kikao, usiende kwa jina la chuo. Mkataba wako unaisha mwezi huu na mimi ndiye ninayeweka sahihi."

Alishuka ngazi haraka. Ghorofa ya pili alikutana na mtakwimu mwenyewe, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia, maana chuo kile kilikuwa na kuta nene na midomo myepesi. "Bi Mizani," alisema akicheka, "sisi huku tusipojua kitu tunaandika hatujui. Nyinyi mnaandika nusu?" Siku nyingine angecheka naye. Siku hiyo alimwambia akome, akapita, akamwacha na kicheko chake kimemning'inia mdomoni.

Jumatano alifungua kabati la chuma, akatoa madaftari yote ya mji wa kumi na tatu, akayapanga sakafuni. Alitaka kujua aliandika nini siku ile alipoandika nusu. Sababu alizikuta, na zilikuwa na adabu: baraza lilikubali kukutana na kamati mara tatu. Baraza lilisaini mapatano ya kuhamisha jaa ndani ya miezi sita. Baraza lilijenga uzio na kutundika kibao kilichoandikwa JAA LIMEFUNGWA. Upande wa pili: miaka miwili imepita, na malori yanaingilia lango la nyuma, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Shangazi mwenyewe alimhesabia. Kuuma na kupuliza, akaona akiweka katikati atakuwa ametenda haki.

Katika daftari la tatu alikuta mahojiano na mhojiwa namba tisa. Aliyasoma ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kabati. "Yale mapatano tulisaini ili watulie," namba tisa alikuwa amesema. "Hakuna aliyekuwa na nia ya kuhamisha chochote. Mtu ukimpa karatasi anakwenda kulala." Chini yake Bi Mizani alikuwa ameandika kwa penseli: amecheka. Namba tisa alikuwa ni katibu wa baraza, yule yule aliyeweka sahihi kwenye barua ya shangazi. Nyuma ya daftari palikuwa na fomu, ambapo mtafiti anaahidi kwamba jina la mhojiwa halitatajwa mahali popote, kwa mtu yeyote, hata baada ya utafiti kwisha. Sahihi ya mtafiti ilikuwa yake, nzuri, imenyooka.

Mji ambao katibu wake anakwambia hivyo kwa mdomo wake, akacheka, unaupaje nusu? Alijiuliza hivyo kwa sauti. Jibu alilijua, ila hakuwa amewahi kulitoa hadharani hata mbele ya nafsi yake. Alhamisi alipanda basi akaenda kulisema kwa shangazi mwenyewe.

Shangazi alimpokea sebuleni, kati ya mafaili ya kamati yaliyojaa kochi zima. Hakumwambia akae. Bi Mizani alieleza habari ya nukta tano na jinsi mashine ilivyoutupa mji, na shangazi alielewa haraka kuliko wanafunzi wengi wa mwaka wa tatu.

"Kwa hiyo asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Na kutokuwepo kwetu ni wewe."

"Ni mimi. Profesa aliona akanyamaza, lakini mwanzo ni mimi."

"Kwa nini nusu? Ulikuwa hapa. Ulinusa."

"Kabla sijaja huku, Profesa aliniuliza mbele ya wenzangu, huko una ndugu, utaweza kweli? Nikasema nitaweza. Kila nilipotaka kuandika nukta mbili, nilimwona ananitazama. Niliogopa wataniona nakupendelea."

Shangazi alikung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye faili. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini na ilikuwa mbaya kuliko kelele za Jumanne.

"Ungekuwa hunijui, ungeandika ngapi?"

"Nukta mbili. Pengine na chini ya hapo."

"Basi wageni kumi na tano umewatendea haki. Mimi, kwa kuwa ni shangazi yako, umenipunja ili usifiwe. Miaka saba tunapigana na jaa hili, mtoto wa kaka yangu! Kuna wanakamati wawili wamekufa katika muda huo, na wewe unalinda uso wako kwa profesa." Alisimama. "Kesho wakazi wana dakika kumi za maswali kabla ya ajenda. Zilikuwa zangu. Nakuachia. Nenda ukaseme, tuone kama una ulimi au una kalamu tu."

Hakulala kitandani kwa shangazi safari hiyo. Alionyeshwa kochi, akayahamisha mafaili mwenyewe.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na viti vya plastiki nyuma na viti vya ngozi mbele. Wakazi walikuwa wamejaa, wengine wamesimama ukutani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu mnene aliyechoka tangu asubuhi, na kulia kwake aliketi katibu, mwembamba, nadhifu, akiandika kumbukumbu za kikao kwa mkono. Bi Mizani alipoitwa kwenye kipaza sauti, katibu aliinua macho mara moja akamtambua, kisha akarudi kwenye karatasi zake bila wasiwasi wowote.

Alisema alilokuja kusema. Kwamba yeye ni mmoja wa waandishi wa ripoti, ingawa chuo hakikumtuma. Kwamba mji huu haumo katika ile sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja. Ulianguka nje ya hesabu kwa kosa, na kosa ni lake yeye, aliyeuandikia nusu mwaka juzi badala ya alama iliyo karibu na sifuri. Ukirudishwa, sentensi yenyewe haisimami, kwa kuwa hapa kamati ipo, diwani wa mtaani yupo, na baraza halikusikiliza. Aliomba pingamizi lirudishwe kwenye ajenda. Wakazi walipiga makofi na mwenyekiti akagonga meza.

Katibu aliomba kuuliza maswali mawili.

"Mtafiti, una undugu wowote na mwenyekiti wa kamati ya wakazi?"

"Ni shangazi yangu."

Kicheko kilitoka kwenye viti vya ngozi. Ni kile kile alichokiogopa kwa miaka miwili, na sasa kilikuja, na hakikumuua.

"La pili. Mwaka juzi uliandika nusu. Leo unasema tunastahili karibu na sifuri. Mji haujabadilika, jaa halijabadilika. Kilichobadilika ni nini, zaidi ya shangazi kukasirika?"

Bi Mizani alikuwa na jibu mkobani. Daftari la tatu, ukurasa uliokunjwa pembe, maneno ya huyu huyu aliyeketi mbele yake na tai yake iliyonyooka. Angeyasoma na jambo lingekwisha. Katibu alilijua hilo, na alijua pia habari ya fomu. Alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyeficha kitu chake ndani ya nyumba ya mwenzake na kufuli kaweka yeye. Hasira iliyompata Bi Mizani wakati huo haikuwa ya kelele. Ilimfanya aone kila kitu vizuri.

"Ninayo maneno ya mtu wa baraza hili," alisema. "Aliniambia yale mapatano yalisainiwa kwa nia gani. Nilimwahidi sitamtaja, na sitamtaja. Ila yumo humu ukumbini. Namwomba asimame mwenyewe, awaambie wakazi alichoniambia mimi."

Alipitisha macho kwenye viti vya ngozi, kimoja baada ya kingine. Diwani wa kwanza alijikuna. Wa pili alitazama simu. Mwenyekiti alitazama dari. Hakuna aliyesimama.

"Basi tuendelee," mwenyekiti alisema.

"Hatuendelei!" Shangazi alikuwa ameshasimama, kule nyuma, na hakuhitaji kipaza sauti. "Amewatazama wote humo mbele. Mmoja tu ndiye hajamtazama. Katibu, mbona mtoto wangu anakukwepa macho?"

Watu wakageuka. Bi Mizani alihisi moto masikioni. Hakuwa amekusudia, au alijiambia hakukusudia.

"Mama, kaa chini," katibu alisema.

"Nitakaa ukinijibu. Miaka minne nimeitunza karatasi yako ndani ya plastiki isilowe. Nimeipeleka zahanati, nimeipeleka shuleni, nimewaambia watu tulieni, wamesaini. Nilikuwa nawatuliza kwa niaba yako! Ulisaini ili iweje?"

"Mama, nimesema kaa chini."

"Ili iweje?"

"Ili mtulie!" Katibu alipiga meza kwa kiganja, kalamu ikaruka. "Kila wiki mko mlangoni, kila wiki mabango, ofisi haifanyi kazi! Tulisaini ili mtulie, na mkatulia miaka minne, sasa mnataka nini tena?"

Baada ya hapo hapakuwa na kicheko upande wowote. Katibu aliinama kuokota kalamu, akachelewa huko chini kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti wa baraza, ambaye uchovu ulikuwa umemtoka ghafla, alimwambia diwani wa kwanza ashike kumbukumbu kuanzia hapo. Pingamizi lilirudishwa kwenye ajenda, lisikilizwe baada ya siku thelathini. Jaa lenyewe halikuguswa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi malori yangeingia kama kawaida.

Nje, kwenye ngazi, wakazi walimzunguka shangazi wakimshika mikono. Simu ya Bi Mizani ililia. Profesa alikuwa ameandika maneno manne: Jumatatu lete funguo, tafadhali. Aliirudisha simu mkobani, akatoa daftari la tatu na kalamu, na pale pale ukutani, mbele ya watu wanaopita, akaikata ile tano ya zamani na kuandika alama mpya.

Shangazi alijipenyeza mpaka alipo, akachungulia.

"Umeandika ngapi?"

"Sifuri."

"Nukta ngapi?"

"Haina nukta, shangazi."

Shangazi aliitazama ile sifuri kwa muda mrefu, midomo ikimcheza. Bi Mizani alidhani anakaribia kumshukuru.

"Miaka saba," shangazi alisema, "na hilo ndilo tulilopata." Akaanza kulia kwa hasira, katikati ya ngazi, mkoba wa mafaili umemwelemea bega, na mtoto wa kaka yake akaupokea.